Mkono Kwenye Boti ya Januarius

Jua halijapanda sawasawa juu ya mwalo wa Lamadi, ufuko wa Ziwa Viktoria wanakoshushwa samaki, na Kornelia Mihayo tayari anagombana na watu ambao hawajamfanyia ubaya wowote.

"Baba, usishike! Tazama kwa macho tu," anamwambia mvuvi mmoja aliyepenyeza mkono kwenye matawi ya miiba. Mvuvi anacheka na kuurudisha mkono wake taratibu, kama mtoto aliyefumwa kwenye bakuli la sukari.

Miiba hiyo imezungushwa kama zizi la ndama. Ndani yake hakuna ndama, bali boti ya faiba iliyopinduliwa tumbo juu na kulazwa kwenye magunia ya mchanga. Wapita njia wanauliza ng'ombe huyo anakamuliwa saa ngapi. Kornelia, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka juu ya nyusi, hawajibu. Asubuhi ya leo hana utani hata wa kuazima.

Mkono wa kulia ameshika kipande cha fulana kilicholowa tina, dawa ya kuyeyushia rangi, wa kushoto kipande kikavu. Anafuta mahali pasipozidi upana wa ungo, anakausha haraka, anageuza kitambaa, anasogea. Akimaliza ubavu mzima anarudi alikoanzia na kufuta tena. Kisha anainama mpaka shavu linakaribia kugusa praima ya kijivu, rangi ya chini inayotangulia, anaitazama kwa upande, jua likiwa mbele yake.

"Natafuta mng'ao," anasema bila kuinua kichwa. "Praima ikishapigwa msasa haing'ai. Ukiona mahali panang'aa, ujue pana mafuta. Na pakiwa na mafuta, rangi haikai."

Hatua chache kutoka hapo mama yake, Milembe, anakaanga samaki kwenye karai kubwa. Kila mara Kornelia anainua macho kumtazama, anahakikisha yupo, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Leo boti hii inapigwa rangi ya bluu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza rangi ilikataa, na jinsi ilivyokataa ilizua maneno ambayo katika nchi hii yamekwisha kuua watu. Ikikataa tena, fundi atapoteza kazi na jina. Lakini hilo, anasema, ndilo dogo.

"Kazi nitatafuta nyingine. Mama nitampata wapi?"

Kornelia hakuzaliwa ziwani. Ametoka kijiji kimoja nje kidogo ya Bariadi, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba, na ujana wake wote aliumalizia kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa marobota. Walimpa kibati kilichotobolewa herufi, kopo la rangi nyeusi na brashi fupi, naye akasimama mlangoni pa stoo kwa miaka kumi na mmoja, akiandika ubavuni mwa kila robota kabla halijapakiwa kwenye lori la kwenda stesheni ya Malampaka.

"Robota likitoka bila chapa, au herufi zikichuruzika, msimamizi alikuwa analirudisha mbele ya watu," anakumbuka. "Nikajifunza kutokuwa na mkono wa haraka."

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mizani yao na fedha mkononi, na wakulima, ambao hawakuwa wajinga, wakawauzia. Pamba iliyofika jineri ikapungua, na zamu mbili zikawa moja. Mwaka jana, 1995, Kornelia na wenzake karibu mia moja waliambiwa wasirudi msimu ujao. Mumewe alikuwa ameshafariki, na watoto wake wawili wa kike walikuwa bado wanasoma.

Aliyemwita Lamadi ni mama yake. Milembe, ambaye sasa amepita sitini, alihamia huku baada ya kufiwa na mume, biashara ya sangara ilipokuwa inachanganya na kila mtu mwenye karai alikuwa na wateja. Alituma ujumbe kwa dereva wa lori, maneno machache tu: njoo, huku watu wanakula.

Kwa hiyo Kornelia alifika na watoto, godoro na brashi yake ya jineri. Alianza kwa kuandika majina kwenye mitumbwi ya mbao. Wavuvi walimtania kwamba mwanamke akiandika jina, mtumbwi utakuwa na kelele. Lakini herufi zake zilikuwa zimenyooka kuliko za wote waliomtangulia, na mvuvi hupenda jina lake lisomeke kutoka mbali. Utani ukaisha, kazi zikaja. Kwa mtumbwi mzima, kukwangua, kuziba na kupaka, alikuwa anapata shilingi elfu nane.

Faiba alijifunzia Mwanza. Fundi mmoja wa Kirumba, Method, alimpokea kwenye godauni lake kwa miezi mitatu akiwa mshika ndoo. Humo ndimo alimojua kuchanganya gundi ya faiba na dawa ya kuikaushia, kukata nyuzi, kujaza ufa na kusawazisha bodifila, ule uji mzito wa kuzibia mashimo. Humo pia alisikia maneno anayoyarudia mpaka leo.

"Fundi Method alikuwa anasema mbao ina kiu. Ukiipa mafuta inakunywa, ukiipa rangi inakunywa. Faiba haina kiu. Chochote ulichokiacha juu yake kitakaa pale pale."

Kuna jambo moja ambalo Method hakumfundisha, kwa sababu kwake halikuwapo. Godauni lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na kufuli. Hakuna mtu aliyeingia kushika kazi yake.

Boti yenyewe ni ya Januarius, wakala anayekusanya sangara kwenye kambi za wavuvi na kuwapeleka kwenye magari ya barafu. Aliinunua kwa mkono wa pili, akaitumia kwa pupa, na miamba ya ghuba ikaichana tumbo. Kulikuwa na mikwaruzo mirefu kutoka omo, mbele ya boti, hadi karibu na tezi, nyuma yake, na mahali pawili nyuzi zilikuwa zimetokeza nje. Mwanza wangemkalisha foleni, na kila siku boti ikiwa nchi kavu mawakala wengine walikuwa wanamchukulia wavuvi wake. Akamwendea Kornelia.

"Nilimuuliza, dada, unaiweza?" anasema Januarius, mtu mnene asiyekaa kitako. "Akaizunguka mara mbili hajasema neno. Halafu akaniambia, naiweza, ila usinihimize."

Walipatana shilingi elfu sitini, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Kornelia aliiosha boti kwa sabuni na brashi ngumu, akaifuta kwa tina kabla ya kugusa msasa. Hapo huwa mkali hata kwa anayeuliza tu, kwamba ukitanguliza msasa unayasaga mafuta na kuyazamisha ndani ya mikwaruzo, na huko hutayatoa tena. Alikata kingo za nyufa zilizooza, akajaza nyuzi na gundi, akangoja zikauke, akapiga msasa mpaka mkono haukujua tena jeraha liko wapi. Ikafuata praima, na juu ya praima msasa wa maji.

Ikawa laini. Lamadi ina mitumbwi mingi, lakini tumbo la mtumbwi wa mbao ni vinundu, misumari na kalafati ya kuzibia nyufa. Watu hawakuwa wamewahi kuona kitu kikubwa namna ile kikiwa laini vile. Wakaanza kuja.

"Na mimi, kwa ujinga wangu, nikawaambia, shika uone," anasema Kornelia.

Ni heshima ya huku. Ng'ombe mzuri hupapaswa, na shuka jipya husuguliwa kati ya vidole. Anayesifia kwa mdomo tu bila kugusa anaonekana kama ana kijicho. Kornelia alijaa fahari, na kwa kweli alikuwa na haki nayo. Mchana kutwa wavuvi, wachuuzi na wabeba samaki walipitisha viganja vyao kwenye ubavu wa boti, wakaguna, wakasema mwanamke huyu ni fundi. Wengi wao walikuwa wametoka kula kwenye karai la mama yake.

Jioni, upepo wa ziwa ulipotulia na giza kuanza kuingia, alipaka rangi ya bluu, akaifunika boti kwa turubai lililoinuliwa kwenye miti, akaenda nyumbani akiwa na furaha.

Asubuhi alipolifunua turubai alikuta bluu imekimbia mahali pengi. Kulikuwa na vidoa, mistari na mabaka ya kijivu. Karibu na omo, mahali ambapo mtu akisimama hufikia bila kuinama, kulikuwa na mkono. Kiganja na vidole vitano, vimetawanyika, kijivu ndani ya bluu, vimekaa wazi kama alama ya kura.

Wa kwanza kuuona baada yake alikuwa Jilala, nahodha wa boti hiyo. Alikuwa amekuja kuuliza lini watairudisha majini.

"Huu ni mkono wa mtu," alisema.

"Rangi imekataa, kaka," Kornelia alijibu. "Nadhani ni kopo bovu. Siku hizi wanauza kila takataka."

"Kopo bovu halina vidole."

Jilala si mtu wa kubezwa. Mapema mwaka huu vijana wawili wa kikosi chake walizama, na mmoja wao alimzika kwa mikono yake mwenyewe. Hofu yake haikutoka hewani. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, akarudi nyuma, akasema hapandi chombo hicho, wala vijana wake hawapandi. Kabla chai haijachemka kwa mama ntilie, mwalo mzima ulikuwa umekuja kuona, na safari hii hakuna aliyegusa.

Kornelia alibaki na kopo lake. Lilikuwa na maandishi ya lugha asiyoijua, na maduka ya Mwanza sasa yamejaa makopo ya aina hiyo, kwa hiyo aliamini kabisa ametapeliwa. Alipaka kidogo kwenye kipande cha bati kilichosafishwa. Rangi ikakaa vizuri sana. Akarudi kwenye boti, akaparua pale kwenye kiganja kwa ukucha na kusugua kwa kidole.

"Nikanusa kidole," anasema. "Nikasikia harufu ya kwa mama."

Alifurahi. Anakiri kwamba kwa kitambo kifupi alitaka kuruka na kupiga kelele kwamba jibu limepatikana, ni mafuta ya samaki, si kitu kingine. Alikwisha hata kufungua mdomo. Ndipo alipowaona wale watu waliosimama mbali kidogo na boti, wamegeuka, wanatazama upande wa karai la mama yake.

Milembe ana macho mekundu. Si ajabu kwa mtu aliyeinamia moshi wa kuni miaka yote hiyo, kwanza jikoni kwake na sasa mwaloni. Kila msomaji wa gazeti hili anajua maana yanayopewa macho hayo katika nchi ya Wasukuma, mama akishakuwa mzee na mjane: kwamba ni mchawi. Anajua pia habari ambazo huja baadaye, za nyumba iliyovamiwa na panga lililoachwa kizingitini. Kusema "mafuta ya samaki" kungezua swali la pili mara moja: mafuta ya nani?

Mpaka adhuhuri swali hilo lilikuwa limejijibu lenyewe bila Kornelia kusema neno. Wanawake waliozoea kukaa na Milembe kwenye gogo lile lile walihamisha ndoo zao. Mteja mmoja aliyekwisha agiza alikumbuka ghafla kwamba ana haraka. Vichwa vya samaki vilivyokaangwa tangu asubuhi vilipoa kwenye sinia.

"Nilimwona anavipanga upya," Kornelia anasema. "Anavipanga, anavipangua. Hakuna mtu anakuja. Na mimi nimeshika brashi, sijui niende kwake au nikae mbali naye."

Alikwenda. Walifunga mapema, wakaenda nyumbani, wakala ugali mchana watu wengine wakiwa kazini. Milembe, ambaye huongea kidogo hata siku za raha, alimaliza tonge lake ndipo akasema.

"Ule mkono ni wangu."

Kornelia aliacha kula.

"Ulikuwa umekwenda kuteka maji," mama yake aliendelea. "Nikaja kuangalia kazi yako. Watu wote walikuwa wanashika, na mimi nikashika. Nikasema, wabeja, asante Mungu, huyu ni mwanangu."

"Mayu, umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wamenikimbia."

"Usimwambie mtu yeyote. Nakuomba. Hata Januarius."

Milembe alinawa mikono. 

Kutoka hapo Kornelia hakuwa na raha hata kidogo. Akikaa kimya, maneno yanakua. Akieleza, maelezo yanamwelekea mama. Akikwangua rangi yote na kupaka upya, watasema ameficha ushahidi. Aliwaza kumpandisha mama kwenye basi la Bariadi, kisha akakumbuka kwamba kule atakuwa peke yake kwenye nyumba ya udongo isiyo na jirani wa karibu. 

Aliyemsukuma, bila kujua, ni Januarius. Alikuja amefura, wavuvi wake wawili wameshahamia kwa wakala mwingine.

"Dada Kornelia, mimi sijali mkono wala mguu," alimwambia. "Nipe sababu moja nitakayowaambia hawa vijana, wapande. Sababu ya kushikika. Sina siku za kungoja."

Boti ilikuwa na sanduku la kuhifadhia barafu, na mfuniko wake ulikuwa wa faiba. Kornelia aliuomba. Aliuosha, akaufuta kwa tina, akaupiga msasa, praima, msasa wa maji, hatua zote alizozifanya kwenye boti, bila kuruka hata moja. Ulipokuwa tayari aliupeleka katikati ya mwalo wakati samaki wamekwisha kupimwa na watu hawana la kufanya. Akauweka juu ya ndoo mbili, akamwita Jilala kwa sauti.

"Mwadila, nahodha. Njoo unisaidie kitu kimoja, mbele ya watu hawa."

Jilala alikuja kwa shingo upande.

"Wewe siku zote unakula samaki wa hapa?"

"Siku zote."

"Basi kula, kama siku zote. Kisha ushike hapa upande wa kushoto. Upande wa kulia asishike mtu."

Watu walisogea karibu. Milembe alikuwa amesimama nyuma ya karai lake, kijiti mkononi, na nahodha alisita. Anayesimulia hapa hamlaumu. Kumla samaki yule mbele ya umati ilikuwa kusema kwamba hamwogopi aliyemkaanga, na yeye alikuwa anamwogopa. Januarius ndiye aliyetangulia. Alichukua kipande kikubwa, akakitia chote kinywani, akatema mfupa na kuagiza kingine. Jilala akaona aibu. Akala, akajifuta vidole kwenye suruali kama afanyavyo kila mvuvi, akaweka kiganja chake kwenye praima.

Alipokitoa hakikuonekana kitu. Wengine wakaanza kuguna. Kornelia alichovya brashi, akapaka bluu upande wa kushoto na wa kulia, mipigo mirefu, bila haraka, akasogea pembeni.

Upande wa kulia rangi ililala. Upande wa kushoto, watu wakiwa wameinamia mfuniko mpaka wanagongana vichwa, bluu ilianza kurudi nyuma. Palitokea tundu dogo, kisha jingine, matundu yakaungana, na kidole kikajitokeza, kikafuata cha pili, mpaka mkono mzima wa Jilala ukawa pale mbele yake, na kovu la ndoano kwenye kidole gumba likionekana.

"Ni mimi," alisema Jilala kwa sauti ndogo.

Mtu akacheka, wengine wakapokea. Wakaanza kusukumana, kila mmoja anataka mkono wake nao utokee. Kornelia alishusha brashi. Alikuwa ameshinda, na hakuna aliyeuliza kuhusu mkono wa omo. Akaanza kukusanya vitambaa vyake.

Hapo ndipo Milembe alipoacha karai, akaja mpaka kwenye mfuniko, na watu wakampisha.

"Na ule wa kwenye boti ni wangu," alisema. "Mikono yangu ndiyo ina mafuta kuliko ya wote hapa. Nilikuwa namshikia mwanangu kazi yake, kumsifia. Sikujua inaharibika."



Kornelia anasema alitaka ardhi ipasuke. Alimshika mama yake begani, hajui kama anamkumbatia au anamvuta aondoke. Nyuma ya umati sauti moja ilisema, si kwa nguvu, ila ilisikika vizuri: "Amekiri mwenyewe."

Jilala aligeuka kumtafuta aliyesema, hakumpata. Akamgeukia Milembe.

"Mayu, ungesema mapema."

"Ningemwambia nani, nahodha? Nyote mlikuwa mnaniangalia macho."

Mwandishi alimuuliza Milembe baadaye kwa nini hakukaa kimya wakati jambo lilikuwa limekwisha. Alikuwa anachambua kuni na hakuacha kuchambua. Alijibu kwamba jambo halikuwa limekwisha, lilikuwa limefunikwa. Mkono usio na mwenyewe, alisema, watu wangeendelea kuutafutia mwenyewe, na siku wakimpata hakutakuwa na mfuniko wala rangi ya kuonyesha. Afadhali uwe na mwenyewe mchana, watu wote wakiwapo.

Huenda alikuwa na akili kuliko sisi sote. Huenda alikosea. Binti yake mpaka sasa hajui.

Hiyo ndiyo maana ya miiba, na ndiyo maana Kornelia leo anafuta, anarudia kufuta, na shavu lake haliachani na praima. Amekwangua bluu yote ya kwanza. Anajua kwamba kidoa kimoja tu, hata kikiwa cha jasho lake mwenyewe, kitapewa jina la mama yake.

Upepo wa ziwa unatulia jioni. Anavua viatu, anafunga mikono ya shati, anaanza omo. Brashi inakwenda mipigo mirefu na kurudi mifupi, ubavu wa kushoto, tumbo, ubavu wa kulia. Nje ya miiba watu wamekaa chini kama wanaosubiri mkutano. Akimaliza hakai. Anazunguka boti na taa ya mkono ingawa mwanga bado upo, anainama, anainuka, anainama. Kuna mahali anasimama muda mrefu kidogo na Januarius anasogelea miiba. Ni mdudu aliyenasa. Kornelia anamtoa kwa ncha ya wembe, anasawazisha, anaendelea.

Asubuhi bluu imekaa. Imekaa yote, kutoka omo hadi tezi, hata pale ulipokuwa mkono. Kornelia anagusa kwa kidole kimoja, yeye wa kwanza, kisha anaketi juu ya gunia la mchanga na kulia kwa sauti, bila kujificha, na watu wanamwacha alie.

Ikishakauka vya kutosha vijana wanaondoa miiba na kuigeuza boti. Kabla ya kupanda, Jilala anakwenda kwenye karai, ananunua samaki, anamla akiwa amesimama mahali ambapo mwalo wote unamwona.  Kisha anaingia majini, vijana wake wanamfuata, na mashine inawaka mara ya pili kuvutwa.

Ingekuwa vizuri kuishia hapo. Lakini wale wanawake hawajarudi kwenye gogo. Wateja wa Milembe wamerudi nusu, na baadhi yao hununua bila kumtazama usoni. Neno likishatamkwa mwaloni halina tina ya kulifuta, asema Kornelia, na hacheki anaposema hivyo.

Mipango anayo. Wakala mwingine amekwisha muuliza kuhusu boti yake, na Januarius anamtangaza mpaka Nyashimo. Fedha alizolipwa amezigawa sehemu mbili: moja ni ya kupanga chumba chenye mlango wa bati na komeo la ndani, ambako yeye, watoto na mama yake watalala pamoja. Sehemu ya pili ni ya kumpeleka mama Mwanza kwa daktari wa macho, wekundu ule utibiwe.

Milembe amekubali chumba. Kuhusu macho, ametikisa kichwa.

"Nikirudi na macho meupe, wataniuliza yale mengine nimeyaacha wapi," anasema. "Na nikihama hapa mwaloni, nitakuwa nimewajibu."

Kornelia anamtazama akiondoka na sinia kichwani kuelekea karai. Anapoulizwa ana tumaini gani, anasugua vidole vilivyolainishwa na msasa mpaka vimepoteza mistari yake.

"Watu wengine wanaomba wazazi wao wasiugue," anasema. "Mimi namwomba Mungu mama yangu aje augue, ugonjwa wa kawaida wa wazee, alale kitandani, nimhudumie, afe nikiwa namwona. Basi. Nikipata hilo, nitakuwa nimepata yote."